Redio ya masafa marefu botini: kazi iko kwenye shaba

Mwenye boti anaponiita nimfungie redio ya masafa marefu, mara nyingi redio anayo tayari, na anaamini kilichobaki ni kuikaza kwenye ubao na kuipa umeme. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kusikika kwako ng'ambo ya bahari kunategemea antena, na zaidi ya antena, ardhi yake.

Redio ya VHF, ile ya chaneli 16, mawimbi yake hayavuki sana upeo wa macho. Ya HF, ndiyo hiyo ya masafa marefu, ambayo mabaharia huitumia kati ya megahezi 2 na 26 hivi, hupanda hadi ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, yakapinda na kushuka mbali sana. Usiku megahezi 4 na 6 huwa na nguvu. Mchana nenda 12 au 16.

Kwenye mashua ya tanga, antena yangu ni ile kamba ya chuma inayoshika mlingoti kwa upande wa tezi. Naikata, natia kihami, yaani kizuia umeme, juu na kingine chini, na kipande cha katikati ndicho kinachorusha mawimbi. Kihami cha chini nakipandisha juu ya mkono wa mtu usipofika. Aliyeshika waya huo wakati mwenzake anabonyeza maiki ataungua, na kidonda chake huchelewa kupona.

Tyuna, kifaa kinacholinganisha antena na redio, inakaa chini ya sitaha, karibu kabisa na mguu wa antena, kwa sababu waya unaotoka humo kwenda juu tayari ni antena. Usiulaze sambamba na chuma.

Sasa ardhi. Antena ni nusu tu ya mfumo. Nusu ya pili ni chuma kilichomo botini pamoja na bahari yenyewe. Boti ya chuma au alumini imeshajitosheleza, mwili wote ni ardhi. Ya faiba au mbao inataka ukanda wa shaba, wenye upana wa sentimita 7 au 8, kutoka tyuna hadi mkuku wa chuma, matangi ya chuma na vali za shaba zinazogusa maji. Waya wa mviringo, hata uwe mnene, hautoshi: umeme wa redio hutembea juu ya uso wa shaba, na ukanda mpana huupinga kidogo kuliko waya.

Hapa kuna mtego. Ukiunga metali tofauti zilizo ndani ya maji ya chumvi, umetengeneza betri, na metali dhaifu italika. Kwa hiyo naukata ukanda mahali pakavu, naacha mwanya wa milimita chache, kisha naurukia kwa kapasita kadhaa. Mawimbi ya redio yanapita, umeme wa betri unazuiwa. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na sielewi kwa nini wengi huiruka.

Redio ya wati 150 huvuta ampea 25 hadi 30 unapoongea. Waya mnene, moja kwa moja hadi betrini, fyuzi ikae upande wa betri. Pima volti nyuma ya redio huku mtu anapiga mluzi kwenye maiki; kipimo cha redio iliyonyamaza hakikuambii kitu.

Ukisikia mvumo, zima kila kitu, kisha washa kimoja kimoja: inveta, chaja ya sola, friji, taa za LED. Usukani wa kujiendesha nao una visa vyake: unabonyeza maiki, boti inakata kona yenyewe. Vipete vya feraiti, vinavyozuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya, vikivishwa nyaya zake kwa kawaida huutuliza.

Jaribio la sauti usilifanye kwenye 2182 kilohezi, hiyo ni ya dharura. Na namba ya MMSI, ile inayoitambulisha boti yako redioni, yenye tarakimu 9, isome mara mbili kabla ya kuiingiza, maana redio nyingi hukubali kuandikiwa mara moja tu; ukikosea, itabidi irudi kwa muuzaji.