Babu Aliyefia Baharini Vitani: Uliza Kwanza Alipanda Meli Kama Nani

Kila Februari inapokaribia, na tena Novemba, meza yetu ya maulizo hujaa barua za familia zinazomtafuta mzee aliyekwenda vitani asirudi, ikasemekana kwamba "alimezwa na bahari". Safari hii zimezidi, na malalamiko nayo yamezidi: ati ofisi za nyaraka zinaficha majina. Hakuna anayeficha. Nyaraka za serikali nchini Kenya hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30, na za 1944, mwaka wa Vita vya Pili vya Dunia, zilivuka umri huo zamani. Tatizo ni kwamba wengi hulitafuta jina pasipoweza kuwa.

Familia huandika kuwa mzee "alikuwa nevi" kwa kuwa alifia majini. Ndugu zangu, kufia majini hakumfanyi mtu mwanamaji. Walikuwepo wanamaji kweli, wakiwemo wa kikosi cha hiari cha Kenya kilichoundwa 1933. Walikuwepo mabaharia wa meli za biashara. Na walikuwepo askari wa nchi kavu waliopakiwa melini kama abiria. Maulizo tunayopokea mara nyingi huishia kwa hao wa tatu, nao hawamo kabisa katika rejista za wanamaji.

Mfano mkubwa ni SS Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 katika msafara wa meli uliokuwa ukielekea Colombo. Ndani yake walikuwamo 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wanamaji wa Uingereza, wauguzi na wahudumu wa meli. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo, na katika dakika chache tu meli ikawa imezama. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297. Manowari za ulinzi, Paladin na Petard, ziliizamisha nyambizi hiyo siku ileile.

Sasa, askari hawa walikuwa njiani kwenda mashariki, na nyumbani kila aliyepanda meli miaka ile alihesabiwa kuwa amekwenda Burma. Mama mmoja alitujia na picha ya babu yake: kijana wa kaptura, soksi hadi magotini, mkono begani mwa mwenzake. Miaka mingi familia ilikuwa ikipekua majina ya mnara wa kumbukumbu wa Rangoon ulioko Taukkyan, Burma (Myanmar ya leo), wa waliofia Burma bila kaburi linalojulikana. Niligeuza picha. Nyuma, kwa penseli iliyofifia, paliandikwa "301". Jina tulilipata kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Mama huyo hupita pale kwa matatu.

Kwa hiyo usianze na jina. Anza na kikosi, namba ya jeshi na tarehe. Makarani waliandika majina kama walivyoyasikia. Wafula anaweza kuwa Wafla, na jina la ubatizo mnalolijua nyinyi huenda hakulitumia jeshini. Rejista za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola husomwa bure mtandaoni. Mwanamaji wa Uingereza asiye na kaburi kwa kawaida ametajwa kwenye mnara wa Chatham, Plymouth au Portsmouth, kulekule Uingereza, kulingana na bandari alikosajiliwa. Majalada ya upelelezi wa waliopotea Vita vya Pili yako Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, mfululizo wa ADM 358 kwa wanamaji na WO 361 kwa askari wa nchi kavu.

Ukija chumba chetu cha kusomea: kitambulisho halisi, si picha yake. Jaza fomu, fomu moja kwa jalada moja. Jalada la pili hutolewa baada ya la kwanza kurudishwa na kukaguliwa. Penseli tu, kalamu ya wino huachwa mlangoni, hata kama "hutaitumia". Kupiga picha ni kwa kibali, na kibali huombwa kabla, si baada.

Nasisitiza jambo jingine, kwa sababu limetuchosha. Hakuna sanduku la fedha linalosubiri wajukuu. Tume ya Makaburi hailipi fidia, inatunza makaburi na majina. Anayekudai "ada ya kufuatilia fidia ya meli" anakuibia. Kuhusu nani ana haki ya malipo yoyote, ofisi yetu haina mamlaka ya kusema lolote. Mwenye kughushi hati ya utumishi anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 3 chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na anayeiwasilisha akijua ni ya kughushi hupata adhabu hiyohiyo, kifungu cha 353. Wapo waliodhani kuwa "kuongeza tu tarehe" hakuhesabiki. Kunahesabika.

Jina likiwa limekosewa au halipo, Tume hupokea maombi ya kurekebisha, mradi kuwe na ushahidi wa maandishi. Barua ya zamani kutoka kikosini, taarifa ya kifo, hata bahasha yenye namba ya jeshi, vyote vilete. Na picha, leta yenyewe. Ile ya kwenye simu haina mgongo.