Mawe ya Yemeni hayasomwi kwa herufi peke yake

Mtu anayejua herufi za Kiarabu akipewa jedwali la musnad, mwandiko wa Yemeni ya kale, haichukui muda kuzizoea herufi zake zote 29. Ni kubwa, zimenyooka, na kila neno limetengwa na jirani yake kwa kijistari cha wima. Herufi zilishatambuliwa tangu 1841, kwa kazi ya Wilhelm Gesenius na Emil Rödiger kule Halle, Ujerumani. Taabu iko kwenye yale ambayo mchonga mawe hakuona haja ya kuyachonga, hasa irabu. Konsonanti tatu zilizosimama zenyewe zinaweza kuwa kitendo, jina la mtu au jina la kijiji.

Kinachotuokoa ni mazoea yao. Chukua mawe ya hekalu la Awam, nje kidogo ya Marib, mji mkuu wa Sabaa, mmoja wa falme za Yemeni ya kale. Mengi yanakwenda hivi: fulani mwana wa fulani, wa ukoo fulani, amemtolea mungu Almaqah, bwana wa Awam, sanamu hii, kama alivyoweka nadhiri, kwa kumshukuru kwa jambo fulani, na Almaqah azidi kumjalia afya, watoto wa kiume na mavuno mema, na amkinge na shari ya adui. Ukishayasoma mawe kadhaa, mwanzo na mwisho unaujua kabla hujafika. Jicho linakwenda moja kwa moja katikati, kwenye ile sababu ya shukrani. Hapo ndipo mtu anaposema alipona ugonjwa, au alirudi salama kutoka vitani. Mengine yote ni adabu ya kuzungumza na mungu.

Hata fomula yenyewe ina siri zake. Kitendo "amemtolea" Wasabaa walikiandika hqny. Ukikuta sqny, badala ya h kuna s, basi toka Sabaa: jiwe ni la falme jirani za Qataban, Main au Hadhramaut. Herufi moja inakuhamisha ufalme. Umri nao una dalili. Katika baadhi ya mawe ya zamani zaidi mstari wa kwanza huenda kulia kushoto, wa pili hurudi kushoto kulia, kama mkulima anayelima kwa plau ya ng'ombe, na herufi nazo hugeuzwa uso. Baadaye mistari yote ikawa inaanzia kulia.

Sasa nije kwenye mtego ninaoupenda kuliko yote. Sanamu za Awam mara nyingi zinaelezwa kwa neno dhhb. Msomaji yeyote wa Kiswahili atasema mara moja: dhahabu! Na kwa kamusi ya Kiarabu hana kosa. Lakini panda juu ya jiwe. Mawe mengi ya aina hii ni vitako, na upande wa juu utaona matundu ya kusimikia miguu ya sanamu, mengine bado yana madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa kuishikilia. Sanamu nyingi zimepotea, ila zilizobaki ni za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Mojawapo ni ile maarufu ya Maadikarib, mwanamume aliyejitanda ngozi ya simba, iliyofukuliwa Awam mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo hapa dhhb tunaitafsiri bronzi. Aliyeona picha ya maandishi tu, bila kitako, angewatajirisha Wasabaa bure.

Fomula inapovunjika, kaa chini usome polepole. Huko Haram, katika bonde la Jawf, watu waliandika maungamo yao hadharani. Mwanamume mmoja anamwambia mungu Dhu-Samawi kwamba alimkaribia mwanamke siku iliyokatazwa, akamgusa mwenye hedhi, na akavaa nguo zake mwenyewe bila kujitakasa. Akanyenyekea, akalipa faini. Hakuna nadhiri humo, wala sanamu. Ni aibu ya mtu, imechongwa ili wapitao waisome.

Fomula inaweza pia kubadilika kwa nchi nzima. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 4 BK miungu ya zamani inatoweka kwenye mawe ya wafalme wa Himyar, ufalme uliokuja kuitawala Yemeni, anabaki mmoja, Rahmanan. Abraha, mfalme Mkristo wa Yemeni, ndiye huyo mnayemjua kwa kisa cha ndovu, alipokarabati bwawa la Marib aliweka andiko la mwaka 658 wa Kihimyari, sawa na 548 BK hivi. Linaanza kwa nguvu na msaada na rehema ya Rahmanan, na Masihi wake, na Roho Mtakatifu. Ufunguzi huo peke yake unatosha kukueleza nani anatawala Yemeni na kwa dini gani.

Wasomaji wa pwani huniuliza kama kuna chetu humo. Kuna uzi mmoja. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya 1 BK, kinasema Rhapta, bandari ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, ilikuwa chini ya mtawala wa Mapharitis, na wafanyabiashara wa Muza, bandari ya Yemeni, walikuwa na haki ya ushuru huko. Mapharitis ni nchi ya Maafir, huko kusini-magharibi mwa Yemeni, na mfalme wake mkuu, Charibael, wengi wetu tunamtambua kuwa ndiye Karib'il Watar Yuhan'im wa kwenye mawe.

Mnaonitumia picha za mawe yanayouzwa mtandaoni, mjue kwamba jiwe lililong'olewa kimagendo nalisoma nusu tu. Kama ni la jumba la makumbusho, piga picha kwa mwanga unaotoka pembeni, si flashi ya mbele, maana kivuli ndicho kinachotoa herufi zilizolika. Usizijaze chaki. Na tafadhali, piga na upande wa juu.