Kilimo mseto ni nini haswa, na umaskini unaingia wapi hapo

Kwa ufupi, kilimo mseto ni mkulima kukataa kutegemea zao moja. Badala ya eka mbili zote kuwa miwa, anaacha miwa kidogo, anaweka mahindi na maharagwe, nyasi ya nepia ya ng'ombe, mboga karibu na jikoni, labda ndizi na kuku wa kienyeji. Wengine wanahesabu hata boda boda na kibanda cha kando ya barabara, na mimi naona wako sawa, tumbo haliulizi pesa imetoka wapi.

Ukitaka kuelewa mbona ni muhimu angalia Mumias, kule Kakamega. Kiwanda cha sukari cha huko kilianza kusaga 1973 na kwa miaka mingi watu wa huko walipanda miwa mpaka mlangoni, karo ni miwa, harusi ni miwa, matanga ni miwa. Baadaye kiwanda kikayumba, malipo yakachelewa, na 2019 kikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na benki inayodai. Sasa miwa ya kwanza inakaa shambani kama mwaka na nusu hivi, wakati mwingine zaidi, so ukikosa kulipwa mara moja tu umepoteza karibu miaka miwili, na huwezi kuiweka stoo ungojee bei manake ikishakatwa lazima isagwe haraka.

Lakini mseto si kuhesabu mazao. Swali ni je, hivi vitu vyako vinaweza kuanguka vyote kwa pamoja? 2011 ugonjwa wa mahindi ulionekana Bomet ukasambaa, halafu 2017 wakaja viwavijeshi, na mtu mwenye mbegu tatu tofauti za mahindi aliumia tu kama mwenye moja. Aliyekuwa na mihogo ama viazi vitamu pembeni ndiye alikuwa na cha kuweka sufuriani.

Halafu kuna kitu watu hawaongelei sana, nacho ni pesa inaingia lini. Maziwa yanalipa kila siku ama mwisho wa mwezi, mboga za kienyeji kama managu na saga hazikawii, maharagwe ni kama miezi mitatu, avokado ya kupandikizwa utangoja miaka mitatu ama minne. Mkulima mwenye mahindi peke yake akifika Januari, karo inadaiwa, anampigia broka anauza magunia kwa bei ya kutupa, halafu ikifika Mei anarudi sokoni kununua mahindi kwa gorogoro (ule mkebe wa kupimia), pengine ni yale yale yake, bei ikiwa juu kabisa. Hiyo ndiyo inashikilia watu kwa umaskini mwaka baada ya mwaka, hata kama mavuno yalikuwa mazuri. Ng'ombe mmoja wa maziwa ama mayai ya kuuza anaweza kufanya hayo mahindi yakae stoo miezi kadhaa zaidi.

Pia mazao yenyewe yanaweza kusaidiana. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita kando ya Ziwa Victoria walikuja na mbinu ya sukuma-vuta: unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi, harufu yake inafukuza wadudu wanaotoboa bua, na nepia pembeni inawavuta watoke shambani. Hiyo desmodiamu tena inazuia kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi (wale wa Nyanza na Western mnajua hii kitu inavyokausha mahindi), inaongeza naitrojeni kwa udongo, na bado unaikata ng'ombe anakula.

Sasa ubaya wake. Shamba la robo eka kule Vihiga ukiligawa mara saba hutapata cha kutosha kuuza, broka hawezi leta lori kwa sababu ya debe moja. Lori zinafuata viazi vitamu Kabondo, kule Homa Bay, kwa sababu majirani wengi wanalima kitu kimoja. Ndio maana naona mseto uwe wa kila boma, lakini eneo likubaliane angalau zao moja la kuuza pamoja kupitia kikundi ama ushirika. Na kazi je? Mboga, kuku, kukata nepia, kukamua saa kumi na moja asubuhi, mara nyingi yote inamwangukia mama wa nyumba, na pesa ya maziwa ikianza kuonekana unakuta akaunti ya ushirika iko kwa jina la mzee.