Mshipi kutatana: nini hasa kinatokea

Mshipi wa kuvulia samaki ukijifunga wenyewe kwa wenyewe, tunasema umetatana. Ukikaa chini kuufungua, unautatua. Tatizo, utata na kutatua tunavyovitaja kila siku vina shina hilohilo, na mvuvi bado anayaona maneno hayo yakiwa mkononi mwake, yakiwa na mchanga na chumvi.

Hapa nazungumzia mshipi wa kurushwa kutoka ufukweni, ule unaopitisha chubwi, yaani kipande kizito cha kuzamishia ndoana, nje ya mahali mawimbi yanapovunjikia. Wengi hulaumu bahari. Bahari ina sehemu yake, lakini mara nyingi mshipi unapogusa maji huwa umeshatatana. Umetatana hewani, kwa jinsi ulivyofungwa na ulivyorushwa.

Itazame chubwi inaporuka. Ni nzito na ni ndogo, inapasua upepo na kutangulia. Chambo ni chepesi na kipana, upepo unakishika, kinafuata nyuma kikipepea. Chubwi ikigonga maji inasimama ghafla. Mshipi ulio nyuma yake haujui kwamba safari imekwisha, unaendelea kumwagika, na chambo kinatua katikati ya mshipi uliolegea. Ndoana inajizungusha humo mara mbili tatu. Basi, umekwisha. Utakaa dakika ishirini unasubiri samaki ambaye hawezi hata kuiona ndoana vizuri.

Dawa yake ni kidole. Chubwi inaposhuka, kabla haijagusa maji, gusa mshipi unaotoka ili uupunguze mwendo. Chubwi inavutwa nyuma kidogo, chambo kinapata nafasi ya kunyooka, na vyote vinatua vikiwa mstari mmoja. Kati ya yote nitakayoyaeleza, hili ndilo ningemfundisha mtu kwanza.

La pili ni ufungaji, yaani chubwi na ndoana zimekaaje kwenye mshipi. Ufungaji ambao hautatani ovyo ni ule wa chubwi kuwa mwisho kabisa, ndoana zikiwa juu yake kwenye matawi mafupi, yaani vipande vya mshipi vinavyotoka pembeni mwa mshipi mkuu. Siri yake ni vipimo. Nyoosha tawi la juu kwenda chini na la chini kwenda juu: ndoana zisigusane. Matawi yakiwa ya sentimita 20 kila moja, acha sentimita 50 kati ya fundo na fundo, na ndoana ya chini isiifikie chubwi. Vitu visivyofikiana haviwezi kushikana. Matawi yafunge kwa nailoni ngumu kidogo, maana nailoni laini hujiviringisha kwenye mshipi mkuu hata bila upepo.

Ufungaji wa pili ni wa chubwi yenye tundu, inayoteleza juu ya mshipi na kuzuiwa na kipete cha chuma. Ndoana inafuata mbele ya kipete. Samaki akichukua chambo anavuta mshipi bila kuhisi uzito, kwa hiyo hashtuki. Ni ufungaji mzuri kwa maji yaliyotulia, lakini uzi wa mbele ukiwa mrefu, ukirusha kwa nguvu unageuka na kuushika mshipi mkuu. Mimi siuzidishi sentimita 50.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya na kutatana, nalo ni msokoto: mshipi wenyewe umejipinda kama kamba, ukilegea tu unajikunja vitanzi. Wanaovua kwa mkono wakiwa na mshipi kwenye chupa wanaujua. Mshipi ukitoka kwa kupita juu ya mdomo wa chupa, kisha ukaurudisha kwa kuizungusha chupa, kila mzunguko unaacha msokoto mmoja. Urudishe ulivyotoka: chupa itulie, mkono ndio uzunguke. Chambo nacho husokota. Kipande cha ngisi kilichokatwa kinene upande mmoja huzunguka kama pangaboi unapokivuta. Kata kipande chembamba kirefu, na weka kipete kinachozunguka kabla ya ndoana. Mshipi ukishasokotwa, ondoa ndoana na chubwi, uuburute mtupu kwenye mchanga wenye maji ncha ikiwa huru, utajifungua wenyewe.

Sasa bahari. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, pwani ya Dar es Salaam, Coco Beach na ufukwe wa Kigamboni unaotazama bahari kuu hubadilika kabisa, na wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji hukimbia zaidi. Chubwi ya mviringo inabingirika na kuyaviringisha matawi. Tumia yenye pembe, au yenye miguu ya waya inayoshika mchanga, na ufungaji wa matawi mafupi. Ile ya kuteleza iweke kwa asubuhi za kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bahari ikiwa shwari.

Kwenye Coco Beach Jumapili kuna jambo la usalama. Mshipi ukitatana katikati ya kurusha hukatika, na chubwi inaruka kama risasi kweli. Mbele ya mshipi mwembamba funga mshipi mnene, urefu wake kama mara mbili ya ufito wa kuvulia. Kipimo kinachotumika ni kilo 4.5 za nguvu kwa kila gramu 28 za chubwi. Chubwi ya gramu 112 inataka mshipi wa kilo 18. Na angalia nyuma yako kabla ya kurusha, watoto hawatazami ndoana.

Mshipi ukishatatana, usivute. Kila unapovuta, fundo linakaza. Kata tawi lenye ndoana kwanza, kwa sababu ndoana ndiyo inayoshikilia vitanzi vyote, kisha uvitanue vitanzi kutoka nje kwa vidole, ukivilegeza tu, mpaka uone kimoja kinachopita juu ya vingine. Hicho ndicho cha kupitishia ncha.