Jinsia kwenye sera za tabianchi: tuulize boti ni ya nani

Kila mkutano wa tabianchi ukiisha napata meseji za aina mbili. Kuna wanaosema jinsia wapi na hewa ukaa wapi, jua likiwaka linawaka kwa wote, nyie watu wa jinsia mnachelewesha mambo. Halafu kuna wanaosema wanawake ndo wanaumia zaidi, basi wawekwe mbele, na hapo hapo wanakutumia takwimu. Mi kazi yangu ni kupitia maandiko ya miradi ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi nikiangalia upande wa jinsia, na kwa kweli makundi yote mawili yananipa shida.

Nianze na hizo takwimu. Ile ya kwamba asilimia 70 ya maskini wa dunia ni wanawake imerudiwa miaka na miaka, ila ukiifuatilia ilikotoka hukuti hesabu yoyote ya maana nyuma yake. Inaniuma manake ushahidi mzuri upo. Mwaka 2007 watafiti Neumayer na Plümper walipitia majanga kwenye nchi 141, ya kuanzia 1981 mpaka 2002, wakakuta majanga yanapunguza umri wa kuishi wa wanawake kuliko wa wanaume, ila pale ambapo wanawake wana kipato na haki zao hiyo tofauti inapungua. Yaani maumbile peke yake hayaelezi, angalia nani ana hela mkononi, nani anaruhusiwa kutoka nyumbani bila kuomba, nani alifundishwa kuogelea akiwa mdogo. Na mwaka 2011 mtafiti Seema Arora-Jonsson akaandika kitu ambacho bado nakiona kwenye maandiko ninayosoma leo, kwamba wanawake wa nchi zetu wanachorwa kama wahanga na wa nchi tajiri kama watunza mazingira wema, na picha zote mbili zinaficha suala la nani ana sauti.

Sasa twende Zanzibar, kwenye mwani, manake hapo ndo utaelewa nachomaanisha. Kilimo cha biashara kilianza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, na wakulima walio wengi mno ni kina mama. Shamba ni vijiti viwili viwili vimechomekwa mchangani, kati yake kamba, kwenye kamba mche unafungwa kwa vikamba vidogo wenyewe wanaviita taitai, na kazi inafanyika maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, siku ambazo maji yanapwa mbali zaidi, mtu anainama saa kadhaa maji ya magotini. Kuna mwani mwembamba na kuna mwani mnene, huo mnene ndo wenye bei, na ndo huo huo usiovumilia maji ya moto. Maji ya kina kifupi yakipata joto sana unageuka mweupe, unakatika, kamba inabaki tupu, na sehemu nyingi wameshauacha kabisa wamebaki na mwembamba wa bei ya chini.

Dawa inayopendekezwa inajulikana, peleka shamba maji ya kina ambako kuna ubaridi, tumia nyavu badala ya vijiti. Kitaalamu haina kasoro. Ila huko huendi kwa miguu, unahitaji boti na unahitaji kujua kuogelea, na vijijini boti ni za wanaume na wanawake wengi hawajawahi kufundishwa kuogelea. Kwa hiyo ukiandika kwenye mradi "kuhamishia kilimo kina kirefu" ukaishia hapo, umemhamisha mwenye shamba bila kusema, mwani wenye bei unarudi ila unarudi kwa mtu mwingine. Wale waliofanya majaribio vizuri waliliona hilo wakaweka mafunzo ya kuogelea na boti za vikundi vya kina mama ndani ya mradi wenyewe, kwenye bajeti. Hiyo kwangu ndo jinsia kwenye tabianchi, na ni suala la kiufundi kama lilivyo joto la maji, anayesema linachelewesha kazi aniambie mradi utafanikiwaje bila hilo.

Huko juu, kwenye mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, mambo yamesogea, sibishi. Programu ya Lima, ile ya kazi za jinsia, ilianza 2014, kwenye mkutano wa Baku 2024 ikaongezewa miaka 10, na kwenye ule wa Belém 2025 ukapitishwa mpango kazi mpya wa jinsia. Lakini wino mwingi umeenda kwenye kuhesabu wajumbe wanawake ukumbini na kubishania neno jinsia lisomekeje. Wajumbe ni muhimu, ila mama wa Paje au Jambiani, vijiji vya huko kwenye mwani, hapati boti kwa sababu ujumbe umetimiza nusu kwa nusu.

Hata nishati safi ya kupikia naiangalia hivyo hivyo. Mkakati wetu wa taifa wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, moshi unaua. Ila mtungi wa gesi ukiisha, kuujaza ni hela ya mkupuo, wakati mkaa unanunua wa kopo moja jioni hiyo hiyo, na kwenye nyumba nyingi anayepika siye anayeshika hela ya mkupuo. Mtungi unakaa kona ya jiko mtupu na kwenye ripoti kaya imehesabiwa imeshahama. Ningependa kuona gesi ya kulipia kidogo kidogo inafika mpaka vijijini, na tuanze kuhesabu mitungi iliyojazwa mara ya pili na ya tatu, tuache kuhesabu iliyogawiwa tu.