Mzee anasahau: je, kompyuta inaweza kusoma ubongo wake?

Swali: Daktari, baba yetu yuko Kongwa, ana miaka 71. Anauliza jambo lile lile kila mara, na juzi kapotea akitoka shambani kwake mwenyewe. Majirani wanasema karogwa. Eti kuna kompyuta inayosoma picha za ubongo na kutaja ugonjwa?

Hizo ni dalili za ugonjwa, ndugu yangu, si za uchawi. Na kompyuta hizo zipo. Wataalamu huipa programu maelfu ya picha za MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili), za wazima na za wagonjwa, mpaka ijifunze kuwatofautisha. Katika Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, husinyaa mapema. Kwa mzee asiyeumwa hupungua asilimia 1 hivi kwa mwaka. Kwa mgonjwa, 4 hadi 5. Jicho linaweza kuikosa tofauti hiyo mwanzoni, programu huipima.

Swali: Basi tumlete Dodoma apigwe picha?

MRI ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, lakini msianzie huko. Anzeni hospitali ya wilaya, maana kuna kusahau kunakotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyozembea, kaswende ya zamani, VVU, sonona, hata damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Mengi kati ya hayo hujulikana kwa kupima damu tu. Inaniuma mno mzee akikaa mwaka mzima kwa mganga kwa tatizo ambalo sindano za vitamini zingelitibu mapema.

Na aje na mtu anayeishi naye. Kulianza ghafla au polepole? Akiuza mahindi Kibaigwa, bado anahesabu pesa yake sawasawa? Hayo hayaonekani kwenye picha.

Swali: Kompyuta hukosea?

Hukosea. Hazina ya picha inayotumika sana kuifundisha, ADNI, ilianza 2004 huko Marekani, na wengi waliopigwa picha ni weupe waliosoma miaka mingi. Huwezi kudhani tu kwamba itamsoma vilevile mkulima wa Kongwa. Tena mgonjwa akitikisa kichwa ndani ya mashine, picha huharibika na programu inaweza kudhani ubongo umesinyaa. Kwa hiyo anayeamua ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, akiwa na mgonjwa mbele yake.

Swali: Na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka?

Mwanzoni MRI ya kawaida mara nyingi haionyeshi kitu. Daktari huangalia mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mwili uliokakamaa, mwendo uliopungua kasi. Dawa ya levodopa huwasaidia wengi, hivyo msingoje kompyuta.