Mgonjwa wa leo alikuwa kwenye orodha?

Ukitangazwa mlipuko wa Ebola au Marburg, simu yangu haitulii. Ndugu, majirani, waandishi wa habari, wote wanauliza jambo moja: wamekufa wangapi? Ni swali la haki, maana kila aliyekufa ana watu wake. Lakini mimi kazi yangu ni kufuatilia milipuko, na nikifungua taarifa ya asubuhi natafuta kwanza namba nyingine ambayo redioni huisikii: kati ya wagonjwa waliogunduliwa jana, wangapi tulikuwa na majina yao tayari?

Wakiwa wote walishaandikwa kuwa waligusana na mgonjwa aliyetangulia, napata ahueni hata kama ni kumi. Akiwa mmoja tu, na hatujui kaupata wapi, hapo nina hofu ya kweli. Nyuma yake yuko mgonjwa tusiyemwona, na huyo naye amegusa watu ambao leo wanapanda daladala na kupika msibani, nasi hatuwajui.

Namba hiyo ina uzito kwa sababu ya namna virusi hivi vinavyosafiri. Surua inapita hewani, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza zaidi ya watu kumi wasio na kinga. Ebola na Marburg hupita kwenye majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, jasho, maziwa ya mama, shahawa. Tena mtu haambukizi wengine kabla hajaanza kuumwa. Virusi vikishaingia mwilini vinakaa kimya kati ya siku 2 na 21, na katika siku hizo mtu anaweza kula nawe sahani moja usipate kitu. Homa ikianza, hatari imeanza. Ugonjwa unavyozidi ndivyo virusi vinavyojaa mwilini, na maiti inabaki na uwezo mkubwa wa kuambukiza.

Kwa wastani mgonjwa wa Ebola ambaye hajadhibitiwa huambukiza watu wawili hivi. Wastani huo unaficha mengi. Wagonjwa wengi hawaambukizi mtu yeyote. Wachache wanaambukiza watu wengi mno, na mara nyingi hao ni wale waliouguzwa nyumbani mpaka mwisho, wakaoshwa na kuzikwa na mikono ya jamaa zao. Anayeambukizwa basi ni yule aliyemshika mgonjwa kichwa akitapika, aliyefua shuka, mke, dada mkubwa, muuguzi wa zamu ya usiku. Njia ya ugonjwa huu ina majina, na majina yanaandikika.

Tulioona hilo kwa karibu ni sisi Watanzania. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza Marburg mkoani Kagera, katika Wilaya ya Bukoba, kata za Maruku na Kanyangereko. Ilikuwa mara ya kwanza nchini. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria. Aliuguzwa na familia yake, watu wa familia wakaugua, na wahudumu wa afya wawili wakaambukizwa kabla haijajulikana ni ugonjwa gani. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6. Waliogusana nao, watu 212, waliandikwa na kufuatwa kila siku kwa siku 21. Chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa haikuwapo, dawa iliyothibitishwa haikuwapo. Yalikuwapo madaftari, vipimajoto, pikipiki, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji wanaojua kila mlango.

Kuandika orodha kunaonekana kazi ya karani. Mimi sijui kazi ngumu kuliko hiyo. Unakaa na mtu aliyefiwa juzi, anayeogopa kwamba yeye ndiye anayefuata, halafu unamwomba akutajie wale anaowapenda. Ukimwuliza moja kwa moja, "Marehemu alikutana na nani?", atakutajia watatu. Nimejifunza kuuliza kwa siku. Jumatatu alipoamka alijisikiaje? Nani alimpikia uji? Nani alimbeba mpaka barabarani, na bodaboda alikuwa wa kijiwe gani? Kabla ya zahanati alipita duka la dawa, akachomwa sindano? Mganga wa jadi alimchanja? Kanisani waliomwombea walimwekea mikono? Usiku alilala na nani? Majibu ya swali hilo la mwisho huja polepole, wakati mwingine siku ya tatu, pembeni, mbali na masikio ya mke au mume.

Na watu wana sababu za kuficha. Anayetajwa hapo ujue mboga zake sokoni hazitanunuliwa, watoto wake watanyooshewa vidole shuleni, magari yatasimama mbele ya nyumba yake na watu waliovaa mavazi ya kinga watapuliza dawa majirani wakitazama. Mvuvi au kibarua akiambiwa akae nyumbani siku 21, anafikiria chakula kabla ya kufikiria virusi. Ndiyo maana nasisitiza kila kikao ninachoalikwa: unga, maharage, sabuni na vocha ya simu kwa aliyeko kwenye uangalizi ni vifaa vya kuzuia ugonjwa sawa na glavu. Ukipeleka askari pasipo chakula, wenye dalili watahama usiku, na orodha yako itakuwa ya watu wasiokuwapo.

Wapo wanaoamini kwamba chanjo ikishapatikana habari imekwisha. Kivu Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Kongo, inatufundisha vingine. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa huko Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, watu 3,470 wakiwa wameugua na 2,287 kufariki. Chanjo nzuri ilikuwapo. Ilishajaribiwa Guinea mwaka 2015 kwa kuwachanja waliogusana na mgonjwa, kisha waliogusana na hao, na Kongo walichanjwa zaidi ya watu 300,000. Lakini chanjo ya namna hiyo nayo inafuata majina. Jina likikosekana, watu wake wote wanakosa chanjo.

Majina yalikosekana kwa sababu Beni na Butembo, miji ya jimbo hilo, ilikuwa na majeraha yake. Raia wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga tangu 2014, dunia ikiangalia pembeni. Mara Ebola ikaja na misafara ya magari mapya, wageni na fedha nyingi, na watu wakauliza, kwa haki kabisa, iweje homa iwalete watu ambao mauaji hayakuwaleta. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa katika miji hiyo, Ebola ikiwa moja ya sababu zilizotajwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Aprili akauawa kwa risasi Dkt. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kamerun aliyekuwa akifanya kazi hospitalini Butembo. Miezi hiyo wagonjwa wengi wapya hawakuwa kwenye orodha yoyote, na wengi waligundulika wakiwa wameshafia nyumbani.

Hali haikugeuzwa na jambo moja. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo aliyekuwapo Yambuku, kijiji cha nchi hiyo, tangu mlipuko wa kwanza wa Ebola wa 1976, alipewa uongozi wa mapambano katikati ya 2019. Agosti mwaka huo utafiti ulionyesha dawa mbili za kingamwili zinaokoa maisha, hasa kwa anayewahi. Vikajengwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu ili familia imwone mgonjwa wake akihudumiwa. Waliopona wakaajiriwa kuwahudumia wengine, kwa kuwa walikuwa na kinga na walisema Kiswahili cha nyumbani. Mtu akishaona jirani yake anatoka kituoni akiwa hai, anakuwa na sababu ya kukutajia jina.

Hospitali yenyewe inaweza kuwa jiko la moto huu. Yambuku, sindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi kila siku bila kuchemshwa ipasavyo, na watu 280 kati ya 318 wakafa. Gulu mwaka 2000 Uganda ilimpoteza Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyeutambua ugonjwa mapema akabaki wodini na wauguzi wake. Rwanda 2024, Marburg iliwapata watu 66, wengi wao wahudumu wa afya wa Kigali. Walifariki 15, kiwango cha chini mno kwa Marburg, na naamini sababu ni kugundua mapema na uangalizi wa wagonjwa mahututi uliokuwa tayari.

Kuhusu mazishi nasema wazi: naamini kuwanyang'anya watu maiti wao kumeua zaidi ya kulivyookoa. Afrika Magharibi, ambako kati ya 2013 na 2016 walifariki zaidi ya watu 11,300, wagonjwa walifichwa mpaka timu za mazishi zilipoanza kuwaacha ndugu waone, waombe, na watupe udongo wao wenyewe. Kwa Mwislamu upo mlango wa tayamamu, yaani kumtwaharisha maiti kwa udongo badala ya kumwosha, pale maji yanapoleta madhara, na masheikh walilieleza hilo vizuri kuliko daktari yeyote.

Sasa itazame Marburg ya Biharamulo, Kagera hiyo hiyo, Januari 2025. Waliohesabiwa ni wagonjwa 10, wote wakafariki. Waliothibitishwa na maabara ni 2 tu. Wale 8 walihesabiwa kutokana na dalili na uhusiano wao na wengine, kwa kuwa walishazikwa kabla sampuli haijachukuliwa. Mimi nikisoma hivyo naona wiki kadhaa ambazo watu walikufa kijijini na hakuna aliyepiga simu. Orodha ilifanya kazi ilipoanza, na tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha, lakini ilianza kwa kuwafuata marehemu. Vifo viwili vya nyumba moja vyenye homa na kutapika ndani ya wiki mbili vinatosha kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya ya Tanzania. Usisubiri damu itoke puani. Wagonjwa wengi hawatokwi damu kabisa.

Mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42, yaani mara mbili ya zile 21, tangu mgonjwa wa mwisho apime na kuonekana hana virusi au azikwe. Kazi haiishii hapo. Virusi hujificha machoni na kwenye korodani, na shahawa zinaweza kuvihifadhi kwa miezi mingi. Guinea, mwaka 2021, Ebola ilizuka tena, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba virusi vile vilitoka kwa mtu aliyeambukizwa katika mlipuko wa miaka ya 2014 hadi 2016. Kwa hiyo waliopona wanahitaji kliniki ya macho, vipimo vya shahawa, kondomu na ushauri wa siri, kwa miaka. Wengi wao hupewa cheti cha kupona na kuachwa warudi kwenye nyumba ambako magodoro yao yalishachomwa.